Mionzi ya anga za juu na ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa wanafunzi wa fizikia, biolojia na udaktari walioko Mombasa na Pwani kwa jumla, na kwa yeyote aliyesikia kwamba safari ya Mirihi huharibu ubongo akataka kujua ukweli uko wapi.

Mionzi ya anga za juu ni ipi hasa?

Ni makundi matatu. La kwanza ni miale ya kosmiki itokayo nje ya mfumo wa jua. Ukihesabu viini vya atomu vilivyomo humo, takriban 87 kwa mia ni protoni, 12 kwa mia ni heliamu, na kama 1 kwa mia ni viini vizito zaidi: kaboni, oksijeni, silikoni, hadi chuma. La pili ni dhoruba za jua, ambazo karibu zote ni protoni. La tatu ni chembe zilizonaswa na sumaku ya dunia katika mikanda ya Van Allen, iliyogunduliwa mwaka 1958.

Wanaochunguza ubongo hutumia muda wao mwingi kwenye ile asilimia moja. Kiini cha chuma kina chaji 26, na nishati inayoachwa njiani huongezeka kwa mraba wa chaji. Kwa mwendo uleule, chuma kimoja huacha nishati kama mara 676 ya protoni moja.

Kuna tofauti gani na eksirei ya hospitali?

Tofauti ni namna nishati inavyogawanyika. Eksirei ni kama manyunyu juu ya paa la makuti: paa lote hulowa sawasawa. Kiini cha chuma ni jiwe lililorushwa: kuti moja linatoboka, mengine hayajaguswa. Ukigawa madhara kwa eneo la paa zima utapata wastani mzuri usioeleza chochote kuhusu lile tundu.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea. Dozi kwa grei (Gy) katika tishu yenye uzito kama maji ni:

1.6 × 10⁻⁹ × L × F

L ni nishati inayoachwa kwa kila mikromita, kwa keV (kipimo cha nishati ya chembe; keV 1,000 ni MeV 1, na MeV 1,000 ni GeV 1). F ni idadi ya chembe zinazopita kwenye sentimita moja ya mraba. Chuma cha MeV 600 kwa kila nyukleoni (yaani kila protoni au nyutroni ya kiini) kina L ya takriban 174. Ukitaka dozi ya Gy 0.1, unahitaji chembe kama 360,000 kwa kila sentimita ya mraba. Kiini cha seli chenye eneo la mikromita 100 za mraba kitapitiwa na wastani wa chembe 0.36. Kwa kanuni ya Poisson ya matukio nasibu, seli 70 katika kila 100 hazikupitiwa kabisa kwenye kiini.

Sasa weka protoni ya MeV 1,000, yenye L ya takriban 0.22. Dozi ileile ya Gy 0.1 inadai chembe karibu milioni 284 kwa sentimita ya mraba, na kila kiini cha seli kinapitiwa na kama 284. Dozi ni moja, matukio mawili tofauti kabisa. Mtu akikuletea matokeo ya ubongo bila kutaja aina ya chembe na nishati yake, usihangaike kusoma zaidi.

Mwanaanga hupata kiasi gani?

Kifaa cha kupima mionzi, RAD, kilichosafiri na gari la Curiosity kwenda Mirihi mwaka 2011 hadi 2012 kilipima takriban mGy 0.48 (mGy ni sehemu ya elfu ya Gy) kwa siku, sawa na mSv 1.84 (milisivati) kwa siku ukizingatia uzito wa madhara. Juu ya Mirihi penyewe kilipima mGy 0.21, sawa na mSv 0.64 kwa siku. Siku 180 za kwenda, 500 za kukaa na 180 za kurudi hukupeleka karibu Sv 1. Kwa dozi tupu, hiyo ni takriban mGy 280 kwa karibu miaka miwili na nusu.

Hapa duniani wastani wa mionzi ya asili ni mSv 2.4 kwa mwaka mzima. Mwanaanga aliye njiani kwenda Mirihi huupata katika siku moja na saa chache.

NASA imeweka kikomo cha maisha ya kazi cha mSv 600 kwa mwili mzima. Mfumo wa neva una vikomo vyake: mGy 500 kwa siku 30, mGy 1,000 kwa mwaka, na mGy 1,500 kwa maisha yote ya kazi. Kwa chembe zenye chaji 10 au zaidi, vikomo vinashuka hadi mGy 100 kwa mwaka na mGy 250 kwa maisha ya kazi. Kule kutenganisha chembe nzito ni kukiri kwamba grei moja si sawa na grei nyingine.

Mbona ubongo, na si saratani tu?

Saratani imechunguzwa muda mrefu, na ina takwimu za watu. Ubongo hauna hizo. Tunachokijua kutoka kwa wagonjwa ni matibabu ya uvimbe wa kichwa, ambapo dozi hufika Gy 50 hadi 60 kwa mafungu madogo ya kila siku, na baadhi ya wagonjwa hupungukiwa kumbukumbu na kasi ya kufikiri miezi au miaka baadaye. Dozi za safari ni ndogo mno kuliko hizo, lakini chembe ni za aina nyingine.

Seli nyingi za neva hazigawanyiki. Iliyoharibika haibadilishwi. Seli chache zinazozaliwa upya kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu, ni miongoni mwa zinazoumia haraka zaidi. Tena madhara hayahitaji seli kufa: dendraiti, yaani matawi ya seli yanayopokea ishara, hupoteza vichipukizi vyake, sinapsi (viungo kati ya seli na seli) hulegea, na seli za mikroglia, walinzi wa ubongo, hubaki katika hali ya vita wiki nyingi baada ya mionzi kwisha. Wengi wetu tunaona hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu linaeleza jinsi seli chache zilizopigwa zinavyosumbua mtaa mzima.

Ni ushahidi gani uliopo mpaka sasa?

Mwingi ni wa panya. Mwaka 2015 kikundi cha Chuo Kikuu cha California, Irvine, kilichapisha kazi ambapo panya wadogo walipigwa kwa oksijeni au titani za MeV 600 kwa nyukleoni, kwa dozi ya Gy 0.05 au 0.3. Wiki sita baadaye walishindwa kutofautisha kitu kipya na cha zamani, na vichipukizi vya dendraiti vilikuwa vimepungua sehemu ya mbele ya gamba la ubongo. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba upungufu ulikuwepo hata baada ya wiki 24.

Mwaka 2018 kazi nyingine mbili zilitikisa picha. Moja ilionyesha kwamba panya majike hawakupata upungufu ulioonekana kwa madume. Nyingine ilionyesha kwamba ukiondoa mikroglia kwa muda kwa dawa baada ya mionzi, zile zinazorudi ni mpya, na upungufu wa kumbukumbu hauonekani. Ni habari njema kwa panya. Kumpa mwanaanga dawa inayofuta mikroglia katikati ya safari ni jambo jingine.

Kwa binadamu tunao ushahidi mmoja wa moja kwa moja, na ni wa ajabu kidogo: mimweko ya mwanga. Wanaanga wa Apollo waliona vimulimuli huku wamefumba macho gizani. Mtafiti Cornelius Tobias alikuwa ametabiri jambo hilo mwaka 1952. Safari za Apollo 16 na 17 zilibeba kofia yenye sahani za kunasa njia za chembe ili kulinganisha mwanga na mapito. Chembe moja inaweza kuamsha retina ukaiona. Kuiona si kuumia, lakini ni uthibitisho kwamba chembe moja moja huongea na mfumo wa neva.

Na ndugu mapacha wa NASA?

Mwanaanga Scott Kelly alikaa siku 340 kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwaka 2015 hadi 2016 huku pacha wake akibaki duniani. Matokeo yalitoka 2019, na kasi pamoja na usahihi wake katika majaribio ya akili ulipungua baada ya kurudi. Ila huyo ni mtu mmoja, aliyekosa uzito, akalala vibaya, akavuta hewa yenye kabonidioksidi nyingi, akarudi kwenye mvutano wa dunia na ratiba ya kuchosha. Picha za MRI za wanaanga huonyesha ubongo ukipanda juu na vyumba vya maji yake kutanuka, na hilo ni kazi ya kukosa uzito. Tena kituo kiko ndani ya ngao ya sumaku ya dunia. Anayeitumia kesi hii kama ushahidi wa mionzi amebebesha punda mmoja mizigo mitano.

Mionzi hii huigizwaje maabara?

Kwa mashine kubwa ya kuongeza kasi ya chembe. Mahali panapotumika zaidi ni NSRL, maabara ya mionzi ya anga ya NASA iliyoko Brookhaven, jimbo la New York, iliyofunguliwa mwaka 2003. Zipo pia HIMAC huko Chiba, Japani, na GSI huko Darmstadt, Ujerumani.

Zamani walitumia ioni moja kwa wakati. Siku hizi NSRL hutoa mchanganyiko. Ule uliorahisishwa una hatua sita mfululizo: protoni ya MeV 1,000 inayobeba 35 kwa mia ya dozi, silikoni ya MeV 600 kwa nyukleoni (1 kwa mia), heliamu ya 250 (18 kwa mia), oksijeni ya 350 (6 kwa mia), chuma cha 600 (1 kwa mia), na protoni ya 250 (39 kwa mia).

Hapa Afrika, iThemba LABS ya Cape Town ina protoni za MeV 200. Hizo zinafaa kwa masuala ya dhoruba za jua. Kwa chuma chenye kasi hazikufikishi.

Je, mashine ya kutibu saratani hospitalini haiwezi kutumika?

Inaweza kutumika kama mionzi ya kulinganishia, na jaribio zuri linaihitaji. Haiwezi kuwa mbadala wa chembe nzito. Vivyo hivyo kwa Mrima Hill kule Kwale, swali tunaloletewa kila mara. Mionzi ya Mrima hutoka kwenye thoriamu iliyo ardhini, na mtu aliyesimama pale hupata zaidi gama. Ni mahali pazuri pa kufundishia upimaji, na hapahusiani na miale ya kosmiki.

Mombasa yenyewe hupata miale hiyo?

Kidogo. Usawa wa bahari wastani wa dunia ni takriban mSv 0.3 kwa mwaka, na inayotufikia ni chembe za pili kama myuoni, si vile viini vizito. Karibu na ikweta sumaku ya dunia ni ukuta mzito zaidi: protoni huhitaji zaidi ya GeV 10 ili ifike kwenye angahewa yetu. Nairobi, kwa mwinuko wake, hupata zaidi kuliko Mombasa.

Faida ya ikweta ilitumika hapa hapa Pwani. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilizunguka kwa mwinamo wa digrii 3 tu, njia iliyoepuka sehemu mbaya zaidi ya mikanda ya Van Allen juu ya Atlantiki ya Kusini, na hivyo vipima eksirei vyake havikuzidiwa na kelele.

Mwanafunzi wa Mombasa asiye na mashine aanzie wapi?

Kwenye kompyuta, na si kwa kujifariji. Sehemu kubwa ya maswali mazuri bado iko huko. Laptopu yenye Linux, kumbukumbu ya GB 8 na kora nne inatosha kuanza.

Pakua Geant4, programu ya bure ya kuigiza mapito ya chembe, pamoja na faili zake za data za nishati ndogo. Ndani ya mifano ya Geant4-DNA, tawi lake la kibiolojia, upo mmoja unaoitwa neuron, uliotengenezwa kwa kazi hii. Kisha nenda NeuroMorpho.Org, hifadhi ya maumbo ya seli za neva, chukua umbo la seli halisi ya hipokampasi katika faili la SWC, uliweke ndani ya maji, urushe chembe. Programu itakupa nishati iliyoachwa kwenye mwili wa seli, kwenye dendraiti na kwenye aksoni.

Makosa tunayoyakuta mara nyingi ni haya. Mwanafunzi huandika chuma cha MeV 600 akidhani ni kwa kila nyukleoni, kumbe programu inasoma nishati nzima. Chuma chenye nyukleoni 56 kinatakiwa kuandikwa MeV 33,600. Ukiandika 600 umempa kila nyukleoni chini ya MeV 11, na chembe husimama kabla ya kumaliza milimita moja. Dalili yake ni dozi kubwa mno upande wa kuingilia na sifuri upande wa pili.

Kosa jingine ni kutosoma mipaka ya modeli. Si kila modeli ya Geant4-DNA inafunika kila ioni na kila nishati, na programu haipigi kelele kila mara ukitoka nje ya mipaka. Fungua jedwali la modeli kabla ya kuendesha. La tatu ni kuendesha mara moja kwa mbegu moja ya namba nasibu na kuripoti jibu bila kosa lake. Endesha angalau mara kumi kwa mbegu tofauti. Na kabla ya yote, rusha protoni kwenye mchemraba mtupu wa maji na uhakikishe L yako inalingana na majedwali. Isipolingana, usiguse seli.

Umeme ukikatika katikati ya usiku, kazi ya saa tisa hupotea. Igawanye vipande vya dakika thelathini vinavyojihifadhi.

Asiyependa fizikia anaweza kufungua hifadhi ya data ya NASA, ambamo kuna vipimo vya jeni vya ubongo wa panya waliopigwa mionzi, bure kwa kila mtu.

Jaribio la kumbukumbu la panya hufanywaje, na huharibikia wapi?

Lile la kitu kipya ndilo rahisi, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Siku ya kwanza panya huzoeshwa kisanduku kitupu kwa dakika 10. Siku ya pili huwekewa vitu viwili vinavyofanana kwa dakika 5. Baada ya saa moja au 24, kimoja hubadilishwa, na unapima muda anaonusa kila kimoja kwa dakika 5. Alama ni (kipya − cha zamani) ÷ (kipya + cha zamani). Akinusa kipya sekunde 18 na cha zamani 12, alama ni 0.2. Sifuri maana yake hatofautishi.

Harufu ndiyo adui wa kwanza. Futa kisanduku na vitu kwa ethanoli kila baada ya panya mmoja na usubiri ikauke. Kwenye unyevunyevu wa Mombasa ukavu huchukua muda zaidi, na panya akiingizwa mapema atanusa ethanoli badala ya kitu. Weka nakala tatu za kila kitu ili kile "cha zamani" siku ya mtihani kisiwe na mate ya jana. Pima kwanza kama vitu vyenyewe vinapendwa sawa. Panya aliyenusa kwa jumla chini ya sekunde 20 muondoe, kwa kanuni uliyoiandika kabla ya kuona matokeo.

Panya wa kulinganishia wasafirishwe, wafungwe kwenye vibweta na wasubiri chumbani kama wenzao, mionzi pekee ikiwa haikuwashwa. Asiyesafiri si mlinganisho, kwa kuwa safari na kelele pekee hubadilisha kumbukumbu. Anayepima asijue nani alipigwa. Na unapohesabu, kipimo ni panya: seli 20 kutoka kwa kila mmoja wa panya 6 bado ni vipimo 6, si 120. Kosa hili limepita kwenye majarida makubwa.

Udhaifu mkubwa wa fani hii ni upi?

Mwendo wa dozi. Mwanaanga hupata kiasi chake kwa miezi mingi. Panya wa maabara hukipata kwa dakika. Tishu hujirekebisha kati ya pigo na pigo, na ukibana miaka miwili ndani ya nusu saa unaweza kuwa unapima kitu kisichotokea angani. Kazi iliyochapishwa mwaka 2019 ilijaribu kuziba pengo kwa kuwaweka panya kwenye nyutroni za mGy 1 kwa siku kwa miezi sita, jumla mGy 180, na bado upungufu wa kumbukumbu na mawasiliano ya seli ulionekana. Ila nyutroni si chuma. Kwa hiyo vichwa vya habari vinavyosema ubongo wa wanaanga utaoza vimeruka mbele ya ushahidi, na vile vinavyosema hakuna tatizo vimeruka upande wa pili.

Kinga ipo?

Kwa dhoruba za jua, ndiyo. Ile ya Agosti 1972 ilipiga katikati ya Apollo 16 na Apollo 17, na chumba kilichozungushiwa maji na chakula hupunguza sana mionzi ya namna hiyo. Kwa miale ya kosmiki, ukuta mnene wa aluminiamu husaidia kidogo na huzaa vipande na nyutroni kwa kuvunja viini. Polithini ni bora kwa uzito uleule, kwa kuwa imejaa haidrojeni. Dawa bado ziko kwa panya.

Nikitaka kufanya utafiti wa mionzi au wanyama hapa nchini, nahitaji kibali gani?

Kibali cha utafiti kutoka NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako, na chanzo chochote cha mionzi kiwe kimesajiliwa kwa mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, KNRA. Anza na kamati ya maadili, maana NACOSTI watakuuliza barua yake. Kwa kazi ya wanyama, andika ni nani atakayewatazama wikendi na sikukuu. Pengo hilo hurudisha maombi mengi. Kazi ya kompyuta pekee kwa data iliyo wazi haihitaji chanzo cha mionzi, na unaweza kuianza jioni hii.